Mshahara wa Mafinga ni mdogo ila wananipa nyumba. Nihame Dar?

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Huwa nasoma unavyowajibu wenzangu, nikajua yangu nitayamaliza mwenyewe. Hili limenishinda, na siku za kutoa jibu zinakwisha.

Nina miaka 33, nimeolewa, tuna watoto wawili. Mkubwa ana miaka 6, Januari anaanza darasa la kwanza. Mdogo ana miaka 2 na ana pumu. Tumepanga Kinyerezi, vyumba viwili na sebule, Sh250,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hapokei chini ya miezi 6. Kodi analipa mume wangu. Chakula, umeme, maji, nguo za watoto na mambo madogo madogo ni juu yangu.

Mimi ni afisa ugavi kwenye kampuni moja ya usambazaji, ofisi ziko Mikocheni. Nipo pale mwaka wa 5 sasa. Mshahara ni Sh1,200,000 kabla ya makato, na bado nadaiwa na Bodi ya Mikopo, mkopo wa chuo. Bima ya afya ofisi inatulipia familia nzima. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri na mara nyingi narudi saa 2 usiku. Ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi, nauli kama Sh65,000 kwa mwezi, na hapo sijahesabu siku za mvua ninapolazimika kupanda bodaboda. Mdogo nampitisha kwa mama yangu Kimanga akiwa bado amelala begani, na jioni baba yake anampitia akitoka kazini. Mama hataki malipo, nampa Sh60,000 ya sukari.

Mwezi uliopita nilifanyiwa usaili hapa hapa Dar na kampuni ya mbao yenye kiwanda Mafinga, mkoani Iringa. Wamenipa barua: mkuu wa stoo na manunuzi, Sh950,000 kwa mwezi, miezi 6 ya majaribio. Kuhusu nyumba wameandika hivi, nanukuu: "makazi yatatolewa na mwajiri kadiri yatakavyopatikana." Bima nilipouliza wakasema tutazungumza nikiripoti. Nyumba za wafanyakazi nimeonyeshwa kwa picha, ni nzuri, zina ua, na kiwandani ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Nimepiga hesabu zangu. Mshahara unashuka Sh250,000. Kodi tunayookoa ni Sh250,000. Yaani sare. Nikiongeza na nauli, nabaki juu kidogo. Tena kila mtu anasema mkoani maisha ni rahisi, maharage na viazi ni vya kumwaga.

Tatizo la kwanza ni mume wangu. Ni fundi samani Keko, ana kibanda chake na vijana wawili. Mwezi mzuri anaingiza hata Sh700,000, mwezi mbaya Sh150,000 haifiki. Nilipomwambia akacheka: "Mafinga nikamuuzie nani kochi?" Nikamwambia mbao zake zote za paini zinatoka huko huko. Akanyamaza siku mbili, ya tatu akasema, "Nenda wewe, mimi nitabaki, tutakuwa tunaonana mwisho wa mwezi." Sikujua anamaanisha au amekasirika.

Tatizo la pili ni mimi mwenyewe. Kwetu nilikuwa wa kwanza kusoma mpaka chuo na kupata ajira ya mjini. Dada zangu wakisikia nimehamia Mafinga kwa mshahara mdogo kuliko wa Dar, watasema mji umenishinda. Shoga yangu mmoja ameshaniuliza kama nimefukuzwa.

Lakini mama, nimechoka. Jumapili ndiyo siku pekee ninayomwogesha mwanangu mwenyewe. Bosi wangu nilimdokeza kuhusu nyongeza akasema tusubiri bajeti, na hiyo bajeti ni mwaka wa tatu tunaisubiri.

Wamenipa siku 14 za kujibu, zimebaki 9. Kama pesa ni sare, je, nina sababu ya kuhama? Na kama nina sababu, nitamwambiaje baba watoto?

Mama N., Kinyerezi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa uchovu, na hongera pia. Kampuni iliyokuita kuwa mkuu wa kitengo imeona kitu ambacho bosi wako bado anakisubirisha kwenye bajeti. Barua yako naisoma hivi: umeletewa cheo kikubwa chenye mshahara mdogo, mahali utakapopata muda na watoto, na umejaribu kuipima safari nzima kwa mstari mmoja wa hesabu uliotoa sare. Mume hayumo kwenye mstari huo, wala mama yako, wala pumu ya mtoto. Nitaanza na hiyo hesabu kwa sababu ndiyo uliyoitanguliza, halafu tuje kwa waliobaki nje.

Wewe ni mtu wa ugavi. Bei ya kwenye katalogi huwa huitazami peke yake, unauliza mzigo umefika stoo kwa shilingi ngapi. Mshahara nao usomwe hivyo hivyo. Ulilinganisha Sh1,200,000 na Sh950,000, na hakuna mwezi hata mmoja ambao pesa hizo zimekufikia mkononi.

Tuchukue kwamba NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unakatwa asilimia 10 kama ilivyo kawaida. Kwenye Sh1,200,000 inatoka Sh120,000. Inayobaki, Sh1,080,000, ndiyo inayotozwa kodi ya mapato, nayo ni Sh152,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, Sh180,000. Mkononi unapata Sh748,000. Linganisha na karatasi yako ya mshahara, isipokuwa kama una kikoba au mkopo mwingine unaokatwa ofisini.

Mafinga sasa. Kwenye Sh950,000, NSSF ni Sh95,000, kodi Sh91,750, Bodi Sh142,500. Mkononi Sh620,750. Tofauti yake na ya Dar ni Sh127,250, karibu nusu tu ya ile Sh250,000 uliyokuwa unailia. Sababu ni kwamba mshahara wa juu ndio unaotozwa zaidi: kila shilingi inayovuka milioni moja, baada ya kutoa NSSF, inakatwa asilimia 30.

Usifurahi haraka, mwanangu. Pesa inayopungua kwenye makato si yote ilikuwa ya kupotea. Akiba yako ya NSSF itapungua Sh25,000 upande wako na Sh25,000 upande wa mwajiri, kila mwezi, na deni la Bodi litachukua muda mrefu zaidi kwisha. Hayo hayaumi leo, ndiyo maana watu huyasahau. Halafu iko kodi ya nyumba, na hapa simaanishi ya mwenye nyumba. Nyumba anayokupa mwajiri huhesabiwa kuwa sehemu ya kipato chako. Ikithaminiwa, tuseme, Sh100,000 kwa mwezi, kodi yako ya mapato inaongezeka Sh25,000 na mkononi unabaki na Sh595,750. Waulize ofisi ya rasilimali watu wataithamini vipi, na wakuonyeshe mfano wa karatasi ya mshahara kabla hujasaini chochote.

Kwa hiyo sare haipo. Kwa pesa tupu, ukiweka Sh250,000 ya kodi na Sh65,000 ya nauli upande mmoja, Mafinga inaizidi Dar kwa kiasi kinachoonekana. Ila hesabu hiyo imekaa juu ya nyumba, na nyumba yenyewe imekaa juu ya maneno mawili.

"Kadiri yatakavyopatikana." Umeyanukuu na kuyapita, mimi nimekwama hapo. Picha ulizoonyeshwa ni za nyumba zilizopo. Je, iko iliyo wazi? Ukiripoti ukakuta zote zina watu, utapanga mwenyewe kwa Sh620,750, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu barua ilikwambia. Ningependa uwaandikie uombe maneno mengine: nyumba ipo tangu siku ya kwanza, na ikikosekana wanalipa posho ya kiasi fulani kila mwezi. Wakikubali wameonyesha nia. Wakikwepa, nao wamekwambia kitu.

La pili kuhusu nyumba hiyo ni kwamba inatembea na kazi. Dar mkigombana na mwajiri unapoteza mshahara, lakini mnaendelea kulala Kinyerezi mpaka miezi iliyolipiwa iishe. Kule, siku ajira ikikatika mnatoka wote wanne na vyombo. Na una miezi 6 ya majaribio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kazini. Pale ulipo umeshavuka huko zamani. Ukiacha kazi mwenyewe unaacha ulinzi huo, na kile kiinua mgongo cha sheria, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimiza, ni cha anayeachishwa na mwajiri, hakimhusu anayejiondoa. Sheria hiyo hiyo ina kifungu kizuri kwako: ajira ikikoma mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kukurudisha na mizigo yako, au kukulipa gharama. Hakikisha mkataba unaandika kwamba umeajiriwa kutokea Dar es Salaam. Usaili ulifanyika hapa, hiyo isibaki ya mdomo.

Sasa hili la "mkoani maisha ni rahisi". Lina ukweli, ila wanaolisema huwa wanafikiria shamba la wazazi wao. Mafinga ni mji wa barabara kuu ya kwenda Mbeya, uko juu, una baridi. Viazi, maharage, mahindi na mboga utanunua kwa raha. Mchele nao si tabu, Mbeya iko jirani. Gesi ya mtungi inapandishwa lori mpaka mlima Kitonga na zaidi, na nauli yake unailipa wewe. Mafuta ya gari ni hivyo hivyo: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na ya Mafinga huwa juu ya ya Dar. Uniti ya umeme wa LUKU ni bei moja nchi nzima, vifurushi vya simu pia. Feni utaizima, ila maji ya kuoga mtoto mtayachemsha asubuhi na jioni, na blanketi, sweta na soksi za watu wanne ni matumizi ambayo mkazi wa Kinyerezi hajawahi kuyaandika popote. Nazi na samaki wa baharini mtavila mkija Dar.

Na michango, mwanangu! Makundi ya WhatsApp hayajui umehama. Harusi ya Tabata itakufuata Mafinga na kadi yake, na msiba wa Kimanga utakutaka uje mwenyewe. Weka safari za dharura kwenye hesabu, za kwenda na kurudi, watu zaidi ya mmoja.

Mama yako ulimweka kwenye sentensi moja, Sh60,000 ya sukari. Anachofanya ni kazi ya siku nzima, tangu kabla ya jua kuchomoza, na anaijua pumu ya huyo mtoto pengine kuliko mtu mwingine yeyote. Mafinga utahitaji dada wa kazi, umlipe, umlishe, umfundishe kutumia pampu ya pumu, kisha uombe asiondoke baada ya Pasaka. Sukari ya mama hutaikata, au sivyo? Ziandike zote mbili. Na usisahau kwamba mama naye atabaki bila mjukuu aliyemzoea. Mwulize anavyoliona. Sidhani kama umeshamwuliza.

Kuhusu mtoto, nenda kwa daktari anayemwona sasa umwulize waziwazi kuhusu baridi na moshi wa mkaa. Sitakudanganya kwamba hewa ya mlimani itamponya, wala sitakutisha kwamba itamuumiza. Watoto wa pumu hawafanani. Ninalolijua ni la bima. Sasa hivi ofisi inawalipia wote. Huko mbele umeambiwa "tutazungumza". Mafinga kuna hospitali ya mji, ila hospitali ya rufaa ya mkoa iko Iringa, mwendo wa kama kilomita 80, na usiku mtoto akibanwa kifua si saa ya kuanza kuzungumza. Kama ningekuwa na swali moja tu la kuwauliza wale watu, nisingeuliza mshahara. Ningeuliza kadi ya bima inabeba majina mangapi na inaanza kutumika lini.

Nije kwa baba watoto, ambaye nadhani ndiye uliyeniandikia barua kwa ajili yake.

Umesema kodi analipa yeye. Tazama hesabu yako tena: hiyo Sh250,000 mnayoiokoa inatoka mfukoni mwake, na Sh127,250 inayopotea inatoka mfukoni mwako. Kwenye karatasi familia imefaidika. Ndani ya nyumba, wewe utabaki na pesa pungufu na chakula kile kile cha kununua, na yeye atakuwa ameondolewa lile jambo linalomfanya aitwe baba mwenye nyumba kila baada ya miezi 6. Ataishi kwenye nyumba aliyopewa mke wake na kampuni, kwenye mji ambao hakuna anayemwita fundi. Aliposema "nikamuuzie nani kochi" alikuwa anauliza la biashara, na ni swali la haki. Zile siku mbili za kimya, mimi nazisikia zikiuliza jambo jingine. Inawezekana nakosea, wewe unaishi naye. Lakini kabla ya kumjibu kuhusu wateja, mwulize Mafinga anajiona akifanya nini saa 3 asubuhi siku ya Jumatatu. Kisha kaa kimya umsikilize.

La mbao umelisema vizuri ila umelisema mapema. Ni kweli paini inatoka Mufindi, kwenye msitu wa Sao Hill, na fundi anayenunua karibu na shamba anaweza kuipata kwa bei ambayo Keko haisikiki. Lakini kununua mbao na kutengeneza kochi ni kazi mbili. Kuzisafirisha mbao kunataka usajili na hati za TFS, wakala wa misitu wa serikali, kunataka mtaji, na kunataka mtu mwaminifu wa kupokea mzigo Dar. Vijana wake wawili wanaweza kubaki na kibanda, yeye akawa anawatumia mbao na kuja kila baada ya wiki kadhaa kupokea oda kubwa. Inawezekana pia vijana wakajitegemea ndani ya miezi mitatu na wateja wakaenda nao, jambo linalotokea kila siku pale Keko. Mafinga na Iringa nako kuna mafundi, tena wenye mbao mlangoni. Asiende kwa maneno yako wala yangu. Apande basi, alale huko siku tatu nne, azunguke kwenye karakana, aulize kitanda cha futi 5 kwa 6 kinauzwaje na fundi analipwa kiasi gani. Akirudi na jibu lake mwenyewe, liwe ndiyo au hapana, mtazungumza mkiwa sawa.

Na lile la "nenda wewe, mimi nitabaki"? Wako wanandoa wanaoliweza, sitalibeza. Lipigie hesabu kwanza. Yeye atahitaji walau chumba na choo hapa mjini, na dalali atachukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kumfungulia mlango. Mtoto wa darasa la kwanza atakaa wapi? Mkiwaacha watoto kwa bibi mnakuwa na nyumba tatu, na wewe utakuwa umeondoka Dar kutafuta muda na mtoto ambaye umemwacha Kimanga. Mkienda nao wewe, baba atawaona mwisho wa mwezi, na mwezi mbaya wa Sh150,000 nauli itakosekana. Nafuu ya mpango huu ni moja kubwa: unavuka miezi 6 ya majaribio huku familia haijabomoa makao yake. Kama mtaufuata, upeni tarehe ya mwisho tangu mwanzo, mkubaliane mkiwa wawili, maana mipango ya muda ina tabia ya kuzoeleka.

Kubaki nako ni uamuzi, si kukosa uamuzi. Una barua ya ajira mkononi. Unaweza kumwendea bosi, bila vitisho, ukamwambia umepata nafasi ya juu mahali pengine na ungependa kujua nafasi yako pale ikoje. Anaweza kukupandisha. Anaweza kukwambia safari njema, kwa hiyo usiende kabla hujajua utafanya nini akisema hivyo. Hata nyongeza ikija, jikumbushe lile la asilimia 30: akikupa Sh100,000, baada ya NSSF, kodi na Bodi utaiona kama Sh48,000. Haiwezi kukununulia saa hata moja ya foleni. Kusogea karibu na Mikocheni kunaweza, ila kodi za Sinza na Kijitonyama unazijua, na kule Kimanga kwa mama kutakuwa mbali.

Niseme kidogo kuhusu dada zako na shoga yako. Umeandika "mji umenishinda" kana kwamba ni maneno yao, nami nimeyatafuta kinywani mwao kwenye barua nisiyaone. Shoga aliuliza kama umefukuzwa. Dada hawajasikia bado. Kuwa wa kwanza kusoma kwenu ni mzigo, naujua unavyobonyeza. Hata hivyo, hao wanaoihesabu Dar kuwa ushindi hawakuoni kituoni saa 11 na robo alfajiri umeng'ang'ania mlango wa daladala, pochi imebanwa kifuani, konda anasema nafasi zipo. Jiulize tu: kama hakuna hata mmoja wao ambaye angejua umehamia wapi wala unalipwa kiasi gani, ungejibu nini? Jibu hilo usinitumie mimi.

Jiulize na la upande wa pili pia. Uchovu wako ni wa Dar, au ni wa kazi hii? Mkuu wa stoo kiwandani huitwa usiku lori likifika, huitwa Jumapili hesabu zisipokaa. Dakika kumi kwa miguu zinamrahisishia mwajiri kukuita vilevile. Tafuta mtu aliyewahi kufanya kazi pale umwulize anatoka saa ngapi, na kama mshahara unaingia kwa wakati. Watu wa ugavi mnajuana, hutakosa wa kumpigia.

Siku 9 zinatosha kwa baadhi ya haya na hazitoshi kwa mengine, safari ya baba watoto hasa. Waandikie kesho. Omba mambo manne kwa maandishi: nyumba, bima, mfano wa karatasi ya mshahara na gharama za kuhamisha familia. Kwenye barua hiyo hiyo omba wiki mbili zaidi, ukieleza kwamba una mume na watoto na unatakiwa kutoa notisi ya siku 28 kwa mwajiri wako wa sasa. Ombi la namna hiyo halimuudhi mwajiri wa maana. Kuripoti kwenyewe uliza kama kunaweza kuwa mwanzoni mwa Januari, ili mkubwa aanze darasa la kwanza shule moja asihamishwe katikati ya muhula, iwe ni ya Kinyerezi au ya Mafinga. Na kodi ya miezi 6 ijayo, kama inadaiwa hivi karibuni, mwombeni mwenye nyumba apokee ya miezi 3.